Salongo Kwenye Shamba la Kanyere

Ijumaa jioni, jua likiwa bado linawaka kwenye mabati ya mtaa wa Saio, Kanyere alipiga magoti kando ya shamba lake, akaangalia kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuiba, kisha akaingiza mkono wa kushoto chini ya majani makavu mpaka kwenye kiwiko. Vidole vilipita kwenye ukavu, vikapita kwenye uvuguvugu, vikafika kwenye unyevu. Halafu vikagusa kitu. Kilikuwa kigumu, cha mviringo, baridi kama jiwe la mtoni. Akakibonyeza kwa ukucha ili ahakikishe kwamba si jiwe kweli, na ukucha ukaingia.

Alitoa mkono, akaziba tundu upesi, akabaki pale pale chini anacheka peke yake huku amejifunika mdomo. Kilikuwa kiazi. Kilikuwa kikubwa kuliko ngumi yake, nacho kililala juu ya ardhi tu, hakuna aliyekichimbia shimo wala kukipandishia tuta. Kama kipo kimoja, aliwaza, basi vipo na vingine.

Mama wa miaka hamsini na minne, mwimbaji wa kwaya, kucheka peke yake na majani kunahitaji maelezo. Kanyere alitoka milima ya Lubero miaka minne iliyopita kumfuata binti yake Arlette aliyeolewa Bunia. Kwao Lubero mwanamke bila shamba ni kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo hata mwezi haukuisha kabla hajapata kiwanja cha Muzee Augustin, hatua thelathini kwa ishirini, katikati ya nyumba za Saio. Muzee alimwazima kwa sharti moja tu, kwamba kilimwe. Siku kitakapolala bila kulimwa, kitarudi kwa mwenyewe. Miaka mitatu Kanyere alikilima kwa jembe, mistari imenyooka, hadi wapita njia walikuwa wanasimama kuangalia kabichi zake.

Mwezi wa tano mwaka uliopita, pikipiki ilimmwaga karibu na soko. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika, kikaunga vibaya. Mkono huo sasa uliweza kushika kijiko na kitabu cha nyimbo, lakini ukiupa jembe ulikataa katakata. Arlette, binti mwema kupita kiasi, alimwekea kiti karibu na mlango, akawa anamuuliza kila baada ya saa moja, "Mama, umekula?" Kanyere alikiogopa kile kiti kuliko alivyoogopa maumivu. Alijua kwamba siku Muzee atakapochukua kiwanja chake, yeye ataketi pale mlangoni mpaka wamtoe wakiwa wamembeba.

Majani yalikuja kwa bahati. Jirani mmoja alikuwa ameezua paa la nyasi ili apige mabati, na nyasi zile kuukuu zikatupwa kando ya njia, zikalala pale miezi mitatu. Siku moja Kanyere alipita akaona shina la kiazi limechomoza juu ya lundo, bila shaka kiazi kilichoanguka kutoka kwenye kikapu cha mtu. Akavuta majani. Ndani mlikuwa na viazi vitatu vidogo, vyeupe, visafi kama vimeoshwa. Hapo mawazo yake yaliruka moja kwa moja mpaka Lubero, kwenye kahawa ya baba yake. Kila kiangazi baba alifunika miguu ya kahawa kwa nyasi nene, kazi ambayo mabwana shamba waliiita paillage. Nyasi zinashika maji, zinanyima magugu mwanga, zikioza zinalisha udongo. Kila mtu alijua hivyo kuhusu kahawa, na hakuna aliyewahi kuwaza kuhusu viazi.

Mwezi mzima wa tisa Kanyere aliwinda mabati. Akisikia tu nyundo juu ya paa popote pale Saio, anafika na pusipusi la kukodi, mkokoteni na kijana wa kuusukuma, kuomba nyasi za zamani, na watu wanampa huku wanamshukuru kwa kuwaondolea uchafu. Mbegu aliipata kwenye lori lililotoka Mahagi. Mwezi wa kumi ulipoanza, akavipanga viazi juu ya ardhi kama mtu anayepanga sahani mezani, akavifunika kwa majani mpaka kufika gotini. Jembe halikugusa udongo hata kidogo. Siku tatu, kwa mkono mmoja, kazi ikaisha.

Maneno yakaanza. Wengine walisema mama wa watu amechoka, wengine kwamba anafuga nyoka. Machipukizi yalipotokeza na kugeuka kijani kizito, maneno yalipungua kidogo. Lakini mwisho wa mwezi wa kumi na mbili mashina yaligeuka manjano, yakalala, yakanyauka, na Saio nzima ikatikisa kichwa. Kanyere alijua kwamba kiazi kikishakauka majani ndipo kinapokuwa tayari. Alijua, ila hakuwa ameona, na usiku alikuwa anageuka kitandani.

Na Alhamisi, siku moja kabla ya ile Ijumaa, Muzee Augustin akaja. Alikuwa mzee mrefu, mwenye fimbo na kofia, aliyechimba dhahabu Bambu kwa miaka thelathini, na bado alikuwa anaangalia ardhi yoyote kama mtu anayeidai kitu. Nyuma yake alisimama Didier, kijana wa pikipiki, mwenye pikipiki mbili na ndoto ya mahali pa kuoshea za wengine.

"Mama Kanyere," Muzee alisema, "mi nilikupatia hii parcelle ya kulima. Sasa naona majani tu. Hata tuta moja haiko."

"Viazi iko mu ndani, muzee."

"Mu ndani ya majani?" Muzee aliinua majani kidogo kwa ncha ya fimbo, akayaachia. "Mi nilifanya miaka makumi tatu kule Bambu. Kitu ya maana iko chini, na unaichimba. Samedi, kesho kutwa, kisha usafi ya salongo, nitakuya kuangalia. Kama sioni kitu, Didier anachukua hii fasi, aoshee pikipiki."

Didier, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliangalia viatu vyake.

Sasa unaelewa kile kicheko cha Ijumaa. Kanyere alirudi nyumbani roho juu, na njiani alipita mbele ya mlango wa Jeannine. Jeannine alikuwa mkuu wa nyumba kumi, mwenzake wa kwaya, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mtu mwenye akili zilizotulia angesimama pale na kumwambia, nimepata kiazi. Kanyere hakusimama. Alitaka Muzee ndiye awe wa kwanza kuona, majani yafunuliwe mbele ya macho yake, mtu yeyote asije akasema viazi vilinunuliwa sokoni na kufichwa mle. Basi alimpungia Jeannine mkono tu, akapita haraka uso umeinama, maana akiuinua angecheka. Jeannine aliona ule uso umeinama, akaelewa alichoelewa.

Jumamosi asubuhi Bunia ni salongo. Maduka yanabaki yamefungwa, na kila mtu anatoka na jembe, reki au ufagio kusafisha mbele ya nyumba yake na mitaro ya mtaa. Kanyere aliamka kabla ya wote, akafagia mbele ya mlango wa Arlette kwa fujo, akaondoka kwenda kumchukua Muzee, aliyekuwa anakaa upande wa pili wa mtaa.

Ulikuwa mwendo wa robo saa, lakini Muzee Augustin hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alikuwa jikoni anakunywa chai. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda kilichoezekwa nyasi nzito, nyeusi kwa moshi, ambazo mke wake, mama Clémence, alikuwa anazinung'unikia hata mbele ya wageni.

"Miaka kumi niko namuomba mabati," alimwambia Kanyere. "Mvua ikinyesha, inaingia mu sufuria, tunakula supu mara mbili."

"Majani iko na baridi muzuri," Muzee alijibu, akaongeza sukari.

Kanyere aliketi ukingoni mwa kigoda, magoti yakicheza. Muzee alimaliza chai. Akaomba nyingine. Kisha akatafuta kofia, akaikuta kichwani, akatafuta fimbo. Ilipofika saa mbili na nusu ndipo walipotoka, na hata hapo mzee alisimama kila baada ya nyumba tatu kusalimia wenye reki. Kanyere alisalimia pia, huku akijizuia asimsukume mgongoni.

Walipofika kwenye kona ya msikiti mdogo, aliona moshi.

Ulikuwa moshi mweupe, mzito, unapanda polepole juu ya paa la Jeannine. Kanyere alijua kilichopo nyuma ya paa la Jeannine. Alimwacha Muzee pale pale. Alishika kitenge kwa mkono mmoja, akakimbia kama ambavyo hakuwahi kukimbia tangu alipokuwa msichana, kandambili moja ikabaki nyuma barabarani.

Shambani kulikuwa na watu kama ishirini. Nusu ya kwaya ilikuwepo, wakiimba, na Jeannine katikati yao, jasho linamtiririka, uso unang'aa kwa mapenzi. Kona moja ya shamba ilikuwa imeachwa wazi. Majani yaliyoshikana kwa kuoza walikuwa wameyakunja kama mkeka, yakatupwa pembeni, na lundo lilikuwa linafuka. Wengine walikuwa wameanza kukunja mkeka wa pili.

"Yaya Kanyere," Jeannine alisema, akamfuata mikono wazi, "usilie. Siye tulikuya kukusaidia. Juu ya mukono yako, tunajua. Tunaondosha huu uchafu, tunachoma, tunalima yote mbele Muzee hajafika. Atakuta udongo mupya, hatachukua kitu."

Hasira ilimpanda Kanyere, ikakutana na zile sura ishirini za watu waliotoka majumbani kwao kumwokoa, ikashindwa pa kupitia. Kisha akamwona Didier. Didier alikuwa kwenye ile kona iliyo wazi, amejitolea kama wengine, labda zaidi ya wengine kwa sababu ya aibu ya Alhamisi, na alikuwa ameinua jembe juu ya kichwa.

"Didier, wacha jembe."

Alisema kwa sauti ambayo kwaya ilikuwa haijawahi kuisikia kwake, ya chini kabisa, kutoka tumboni. Jembe lilibaki hewani. Wimbo ukakatika. Watu wote wakamwangalia huyu mama mwenye kandambili moja, na Didier, jembe likiwa bado juu, akaanza kunusanusa.

"Nani anapika?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa anapika. Maduka yamefungwa, masufuria yako majumbani, ni salongo. Lakini harufu ilikuwepo, na sasa wote waliisikia, harufu ya kiazi kilichochomwa kwenye majivu, ile inayomwamsha mtoto bila kumwita. Ilikuwa inatoka kwenye lundo la moshi.

Muzee Augustin alifika wakati huo huo, anahema, kandambili ya Kanyere mkononi. Alipenya katikati ya watu, akachoma fimbo ndani ya lundo. Majani ya juu yalikuwa yameshawaka na kuisha. Ya ndani yalikuwa na maji mengi mno, hayakuwaka, yalifuka tu. Fimbo ikatafuta, ikakwama, ikavuta. Vitu vitatu vyeusi vikabingirika mpaka kwenye viatu vyake.

Alikiokota kimoja, akakirusha kutoka mkono huu kwenda huu kwa sababu ya moto, akakivunja. Ndani kilikuwa cheupe, kinatoa mvuke. Kwaya nzima ikameza mate.

"Ilitoka wapi?" Muzee aliuliza.

"Mu majani, muzee," Kanyere alisema. "Iko juu ya udongo, mu chini ya majani. Walikunja majani pamoja nayo. Batu yote, muweke majembe chini, tafadhali. Mupige magoti. Mufungue na mikono, pole pole, kama munafunua mutoto analala."

Wakapiga magoti. Kanyere mwenyewe alifungua wa kwanza, mbele ya Muzee kama alivyokuwa ameota, ingawa kwenye ndoto hakukuwa na moshi wala watu ishirini. Alishika majani kwa mkono mzima, akayakunja nyuma. Vilikuwa saba. Vilikuwa vimelala kwenye udongo mweusi kama mayai chini ya kuku, ngozi ya manjano, safi, hakuna hata kimoja kilichokatwa kwa jembe. Kiazi cha Ijumaa kilikuwa katikati yao na alama ya ukucha wake.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka barabara kubwa. "Hapa kumi." "Hapa iko moja ya kushinda kichwa ya Didier." Jeannine alikuwa anafunua na kulia kwa wakati mmoja, akisema, "Juu ya nini haukuniambia, yaya, juu ya nini," na Kanyere akamkumbatia, wakaanguka wote wawili juu ya majani, na majani yakawapokea vizuri tu. Mabeseni yalikuja. Mabeseni yakajaa. Watu wa mtaa wa pili waliacha mitaro yao wakaja kuangalia, na kila aliyekuja aliambiwa habari upya na watu watano kwa pamoja. Kanyere alikuwa anazunguka kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, anacheka, hajifuniki tena mdomo. Mwili wote ulikuwa mwepesi. Hata ule mkono mbovu hakuusikia.

Muzee Augustin peke yake hakuwa anapiga kelele. Alikuwa amepiga magoti kwenye pembe, kofia chini, anafanya kitu ambacho Kanyere hakukielewa mara moja. Hakuwa anatoa viazi. Alikuwa anachota udongo, anaufinya ndani ya ngumi, anaufungua, anauangalia. Ilikuwa ni mwezi wa kwanza. Milima yote ya Bunia ilikuwa imepata rangi ya mkate, mvua ilikuwa haijaonekana kwa wiki tano. Na udongo ule ulikuwa unashikana kiganjani, na nyungunyungu alikuwa anatembea ndani yake.

"Miaka makumi tatu," alisema, labda kwa yule nyungunyungu. "Nilichimba mashimo ya kuweka kanisa mu ndani. Na hii iko inalala juu."

Akainuka kwa shida. Kidogo kidogo kelele zikapungua, kwa sababu watu walikumbuka ni nani aliyekuwa amesimama pale na alikuja kufanya nini. Didier aliweka beseni chini. Muzee aliangalia shamba lote, sehemu iliyofunuliwa na sehemu ambayo bado, akaangalia kile kipande cha kona kilicho uchi, ambacho jua lilikuwa limeshaanza kukikausha.

"Ile kona walichoma," Muzee alisema. "Haitakauka?"

"Itakauka, muzee. Inaomba majani mengine, leo leo."

"Na majani iko wapi?"

"Nilimaliza ya Saio yote. Kila mutu ameshaweka mabati."

Muzee alifikiri. Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Jikoni yangu iko na majani ya miaka kumi," alisema. "Inatosha hii kona?"

Kanyere alihisi machozi yanakuja na akayaacha yaje. "Inatosha, muzee. Inabaki hata ya kufunika vitunguu."

"Basi utapanda na vitunguu." Kisha, bila kugeuka, "Didier, weye uko na miguu. Leta ngazi."

Ikawa hivyo. Watu ishirini wakiwa na harufu ya moshi na viazi vya moto midomoni walipita Saio nzima wakiimba, ngazi mbele, pusipusi nyuma, na Kanyere katikati kwa kandambili zote mbili. Didier alipanda wa kwanza. Mama Clémence alikuwa jikoni anakoroga maharage, hana habari yoyote, aliposikia miguu juu ya kichwa chake. Kisha mwanga ukaingia, kwanza kama kidole, baadaye kama mlango, na ndani ya ule mwanga ukatokea uso wa Didier ukimsalimia kwa heshima.

Alitoka nje na mwiko mkononi. Aliangalia kwaya, akaangalia mabeseni, akaangalia nyasi zake nyeusi zinashuka mafungu kwa mafungu kwenye pusipusi, na mume wake anaelekeza kwa fimbo. Mtu akamweleza. Wengine wanne wakamweleza tena.

"Miaka kumi niliomba mabati," mama Clémence alisema, "kumbe nilipaswa kuomba viazi."